Sura ya Nne: Tumbo la Gari

Katika nchi ya chai, mtu anayetaka kusifu gari huanza kwa kuinama. Atalizunguka mara moja, mikono nyuma, halafu atakunja magoti na kuchungulia chini ya bampa la mbele. Rangi ameiona na taa ameziona, lakini hajasema neno. Anataka kujua sampu imekingwa kwa kitu gani, springi zimeinuliwa kiasi gani, na kama udongo mwekundu ulioganda kwenye pembe za madigadi ni wa juzi au wa mwaka jana. Akiridhika, ataguna. Kuanzia Kericho hadi Bomet, mguno huo una uzito kuliko picha mia za simu.

Naanza na jicho hilo kwa sababu sura hii inahusu magari ya misuli na yale ya zamani yaliyofanyiwa kazi hadi aliyeyaunda hawezi kuyatambua, na jinsi watu wanavyoyashangaa. Maonyesho ya magari haya Marekani yana jicho lake. Sisi tuna letu, na limefinyangwa na mvua.

Wakisimulia magari ya misuli, Wamarekani wana mwaka wanaopenda kuutaja: 1964. Ndio mwaka Pontiac ilipochukua gari lake la wastani, Tempest, ikalipachika injini ya V8 ya lita 6.4 iliyozoea kukaa kwenye magari makubwa zaidi, ikaliita GTO. Mantiki ilikuwa rahisi: bodi ya kadiri, injini kubwa mno, na bei ambayo kijana mwenye kazi angeweza kuilipa polepole. Tarehe 17 Aprili mwaka huohuo Ford ikazindua Mustang. Wapo watakaokukatiza hapo na kusema Mustang haimo katika ukoo wa misuli, ni jirani tu. Waache waendelee na ubishi wao; kwa mtu aliyesimama kando ya barabara, gari lenye boneti refu na V8 inayonguruma halihitaji cheti cha kuzaliwa.

Kwetu magari hayo ni adimu, na sababu zake ni za karatasi zaidi kuliko za moyo. Kwa kanuni ya jumla Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, usukani unatakiwa uwe kulia, na ushuru hupanda kadiri injini inavyokuwa kubwa. Ukitaka kuona ya zamani yamepangwa mstari, yameng'arishwa hadi unajiona usoni, nenda kwenye Concours d'Elegance ya Nairobi, iliyoanzishwa 1970 na klabu ya wenye Alfa Romeo na kuzoeleka katika uwanja wa farasi wa Ngong. Huko nako waamuzi huinama. Tofauti ni kwamba wao wanatafuta uchafu, na chembe moja ya tope chini ya gari ni alama iliyopotea. Mkulima kutoka Kabianga, kwetu kwenye chai, akilikuta gari lisilo na tope hata chembe chini, atauliza kwa heshima kama mwenyewe amesafiri.

Lakini misuli ya Kimarekani iliwahi kuja Afrika Mashariki, tena kwa kishindo. Pasaka ya 1964, wiki tatu hivi kabla ya Mustang kuzinduliwa, Mercury, tawi la kampuni ya Ford, ilileta kikosi cha magari ya Comet kwenye mashindano ya magari ya Safari Rally. Yalikuwa na V8, yalikuwa na mafundi wake, na nyuma yake kulikuwa na fedha za Detroit. Comet na Mustang ni ndugu wa damu: yote mawili yalijengwa juu ya mifupa ya Ford Falcon. Wenyeji waliyatazama wakatikisa kichwa, na kweli, yaliyofika mwisho yalikuwa mawili tu, mbali nyuma. Mshindi wa mwaka ule alikuwa Peter Hughes ndani ya Cortina GT, kigari cha injini ya lita 1.5. Nayo ni Ford, kwa hiyo wenye kampuni hawakulia sana.

Mmoja wa waliozifikisha Comet hizo mbili mwisho alikuwa mtoto wa Kericho.

Joginder Singh alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932, katika familia ya Kisingasinga yenye watoto wengi na baba mwenye gereji. Alishika spana kabla ya kushika usukani wa mashindano, na nadhani hilo linaeleza karibu kila kitu kilichofuata. Dereva aliyetoka gerejini husikia mambo ambayo dereva aliyetoka shuleni hayasikii. Difu ikianza kuimba, anajua imebakiwa na kilomita ngapi. Bushi ikilika, anaihisi kiunoni kabla haijagonga. Mwaka 1963 magari 84 yalianza Safari na 7 yakamaliza. Joginder alikuwa wa nne, ndani ya Fiat. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza tena 7. Alikuwa wa tano, ndani ya Datsun. Madereva waliokuwemo katika saba zote mbili ni wawili tu, yeye na Nick Nowicki, aliyeshinda mara zote hizo kwa Peugeot 404.

Katikati ya hiyo miaka kuna 1965, mwaka ambao ningependa kila kijana anayenunua rimu kabla ya shokabzoba ausome. Joginder na ndugu yake Jaswant waliingia na Volvo PV544. Halikuwa gari jipya. Lilikuwa limeshatumiwa na timu ya kiwanda na kazi yake kuonekana imekwisha. Umbo lake, mgongo wa mviringo kama kobe, lilichorwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka huohuo wa 1965 Volvo ilikuwa inafunga utengenezaji wake. Hakuna kijana wa leo ambaye angelipiga picha. Walipewa namba ya kuondoka kwanza, wakakaa mbele, wakashinda kwa zaidi ya saa moja na nusu.

Hapo ndipo ninapoweka msingi wa sura hii. Gari la Safari la enzi hizo lilikuwa gari lililofanyiwa kazi kubwa kuliko mengi yanayoshangiliwa leo kwenye maonyesho, ila kazi yenyewe ilikuwa mahali ambapo kamera haifiki. Unachukua gari la dukani, unalivua hadi libaki bodi tupu. Mishono ya bati ambayo kiwanda kiliishika kwa nukta nukta za moto, wewe unaichomelea mfululizo, ili bodi isijikunje ikianguka kwenye mtaro. Mahali pa kukalia shokabzoba unapaongezea bati. Chini ya injini unafunga kinga ya chuma inayoweza kukokotwa juu ya jiwe bila kuitoboa sampu. Tangi la mafuta linakuwa kubwa zaidi, mabomba ya breki yanahamishwa mbali na changarawe, na mbele zinafungwa taa za kuonea kona kabla kona haijakuona. Ukimaliza, mtu asiyejua ataona gari lilelile, labda limeinuka kidogo, kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Joginder alirudia ushindi 1974 na 1976, mara zote kwa Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6. Ile ya 1974 ilikuwa Safari ya tope, na aliyemfuata alikuwa Björn Waldegård ndani ya Porsche 911. Joginder alikuwa dereva wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Wakenya walimwita Simba. Alifariki London Oktoba 2013, na bado Kericho ukitaja jina lake mbele ya mzee aliyewahi kushika spana, maongezi yatachukua mchana wote.

Kumbuka pia kwamba kwa watu wa mashambani Safari ndiyo iliyokuwa maonyesho ya magari. Hukulipa kiingilio. Ulijua tu kwamba Pasaka magari yatapita, ukachagua mahali penye tope zuri, ukakaa na wenzako chini ya mwavuli au jani la mgomba. Wanaotembea kwenye maonyesho ya uwanjani wana dakika kumi mbele ya kila gari. Mtazamaji wa Safari alikuwa na pumzi mbili. Basi jicho lilijifunza kuchagua: gari limekaaje barabarani, linatua vipi likiruka tuta, linatoa moshi wa rangi gani. Na kama ulibahatika, gari lilikwama mbele yako, ukalisukuma, ukapata kuliona tumbo. Sidhani kuna mwamuzi wa Ngong aliyewahi kulijua gari kwa ukaribu wa mtu aliyelitoa mtaroni kwa bega lake.

Mwaka 2003 zilianzishwa mbio za Safari Classic kwa magari ya zamani, ambazo zimewahi kupita Kenya na Tanzania, kwa siku kadhaa na maelfu ya kilomita. Mwaka 2009 zilishindwa na Ian Duncan, Mkenya aliyekuwa ameshinda Safari yenyewe 1994 kwa Toyota Celica. Mara hii alikuwa ndani ya Ford Mustang. Mifupa ya Falcon, sauti ya V8, nyumba ileile iliyotuletea Comet za 1964. Miaka 45 baadaye ukoo uliochekwa ukapanda jukwaani wa kwanza.

Kati ya Comet na Mustang hiyo kuna Pasaka nyingi za watu kuvunja magari na kuandika, kwenye daftari la gereji au kichwani tu, ni kitu gani kilikatika kwanza. Misuli haikuongezwa, ilikuwepo tangu 1964. Kilichoongezwa ni kano. Mustang iliyoandaliwa kwa Safari Classic imeinuliwa, imekingwa tumboni na imefungwa vizimba vya chuma ndani. Mbele ya Mmarekani anayependa Mustang iliyolala chini, ikigusa lami kama paka anayenyemelea, hilo ni gari lililoharibiwa. Binafsi naiona nzuri kuliko zote.

Mbali na tope, mlima nao una kodi yake. Kericho iko kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho, hata ukiisemesha vipi. Kwenye gari la kabureta, petroli haipungui kwa kiasi kile ambacho hewa imepungua, basi linatoa moshi mweusi, plagi zinashika masizi na mafuta yanaisha kabla ya safari. Fundi wa zamani alibadilisha jeti za kabureta, akaweka zenye tundu dogo. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayofanya hivyo yenyewe, ndiyo maana vijana wengi hawajawahi kusikia habari hiyo, na ndiyo maana anayenunua gari la zamani Mombasa na kulileta nyumbani hudhani ametapeliwa.

Sasa twende Kabianga kwenyewe, ambako hakuna maonyesho ya magari yaliyotangazwa, ila kuna siku ya mahafali. Kabianga imekuwa mahali pa shule tangu 1925, na chuo kikuu chake kilipata hati kamili 2013. Siku wahitimu wanapovishwa joho, familia huja kutoka pande zote, na kila familia huja na gari lake bora au la jirani. Uwanja unajaa. Kuna Prado zilizooshwa alfajiri, matatu za kukodi zenye riboni, Probox zilizoinuliwa nyuma kwa ajili ya maziwa na leo zimebeba mashangazi. Baada ya hotuba ya tatu wanaume huanza kuponyoka mmoja mmoja kwenda kuangalia magari. Huo ndio uwanja wa maonyesho ninaoupenda.

Gari lililokusanya watu mwaka niliokuwepo lilikuwa Pijo 504, ile ndefu ya abiria, yenye safu tatu za viti.

Msomaji aliyezaliwa baada ya 2000 anahitaji kuelezwa kidogo. Peugeot 504 ilitoka 1968, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na kwa miaka mingi iliunganishwa Mombasa. Ilishinda Safari 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Hiyo ndefu ndiyo iliyokuwa teksi ya masafa: Kericho hadi Nakuru, Nakuru hadi Nairobi, abiria wamebanana, mizigo juu, dereva hazungumzi. Siri yake iko nyuma. Mahali ambapo magari mengi yana springi mbili, ekseli ya nyuma ya Pijo hiyo ina springi nne za kujiviringa, mbili kila upande. Ikiwa tupu inatembea na makalio yamenyanyuka kama kuku aliyenyeshewa. Ikijaa watu tisa inakaa sawa.

Hii ya Kabianga ilikuwa ya rangi ya maziwa, rangi ya brashi ya fundi anayejua kazi yake, na milango ya nyuma ilikuwa na kivuli cha rangi ya kwanza pale puti ilipokuwa imesagwa kwa msasa mara nyingi. Bampa la mbele lilikuwa la bomba la maji la inchi mbili. Juu kulikuwa na kerea ya chuma iliyochomelewa, si ya kufunga kwa skrubu, na miguu yake ilikuwa imeshuka ndani ya mfereji wa paa ikakalia vibati vya kugawanya uzito. Chini, nilipofika zamu yangu, nikaona kinga ya sampu ya bati nene iliyokunjwa ukingoni ili isinase kwenye majani. Ilikuwa na mikwaruzo mirefu, myeupe, iliyonyooka. Bati hilo lilikuwa limeshateleza juu ya mawe mengi.

Mwenyewe alikuwa mzee wa koti la sufu na kofia, ameegemea mlango, fimbo mkononi. Mjukuu wake wa kike alikuwa anahitimu ualimu.

“Mzee, shikamoo. Hii ni Pijo kweli?” kijana mmoja akauliza.

“Marahaba. Ni Pijo mpaka ufungue boneti.”

Boneti likafunguliwa. Ndani hapakuwa na injini ya Mfaransa. Palikuwa na dizeli ya Toyota, 2L, iliyotoka kwenye Hiace ile iliyoitwa Shark, imekaa kama iliyozaliwa humo. Vijana wakasogea. Hapa ndipo kazi inapopimwa, maana kuweka injini ngeni ndani ya gari kila mtu anaweza kwa mnyororo na matusi. Shida ni yanayofuata. Injini na gia vya Toyota havijui propela ya Pijo. Lazima mahali vinapokutana pachongwe. Viegemeo vya injini lazima vichomelewe kwenye chuma chenye nguvu, na katika pembe itakayoiacha propela inyooke, la sivyo gari litatetemeka kila ukifika kilomita sabini kwa saa na bushi zitakwisha kwa mwezi. Rejeta lazima iongezwe, na feni isogezwe. Dizeli haina vakyumu ya kuvuta buusta ya breki, hivyo pampu yake inayokaa kwenye alteneta lazima ije nayo. Fundi aliyeisahau pampu hiyo amewahi kuwapa watu wengi hofu kwenye mteremko.

Yote hayo yalikuwa yamefanywa. Mabano ya kushikilia alteneta yalikatwa kutoka kwenye springi ya lori, kingo zikapigwa tupa hadi zikawa laini. Nyaya zilifungwa kwa mpira mweusi, pamoja, zikapita nyuma mahali maji hayafiki. Hakuna kilichong'aa. Ukipitisha kidole, hakuna kilichokukata pia.

“Kitabu cha gari kinasema nini?” akauliza mtu mmoja wa makamo, kwa sauti ya mtu wa ofisi.

“Kinasema namba ya injini iliyomo. Nilibadilisha,” mzee akajibu bila kugeuka. “Hata mtu akibadilisha jina, si huandikisha?”

Wakacheka. Kijana wa kwanza akarudi. Alikuwa na Corolla ya zamani nyumbani, akasema, ile ya DX, na alitaka kuanza kuitengeneza: rimu pana, egzosi, kuishusha chini. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Akamwuliza anaishi wapi. Kijana akataja mahali ng'ambo ya mashamba ya chai, ambako barabara, mvua ikinyesha alasiri, na huko hunyesha alasiri nyingi, huwa mto.

“Basi ukiishusha utaiacha kwa nani?” mzee akasema. “Anza na bushi, kijana wangu. Halafu shoko. Pesa ikibaki, nunua egzosi upige kelele unavyotaka.”

Mtu wa Prado, aliyekuwa amesimama kando muda wote na funguo kidoleni, akasema kwamba yote hayo ni kazi bure, kwa gharama ya fundi mtu angenunua Probox. Alikuwa na hoja, kwa upande wa shilingi. Probox inakwenda, spea zake zimejaa kila duka, haimhitaji mzee wa kuielewa. Hakuna aliyembishia. Ila hakuna aliyekwenda kuiangalia Prado, wala Probox sita zilizokuwa zimeegeshwa nyuma yake.

Egzosi ya Pijo hiyo ilikuwa imepandishwa kwa nyuma, ikatolewa ubavuni juu ya gurudumu, ili gari likiingia majini maji yasirudi ndani. Kijana mwingine akaipiga picha, ya kwanza niliyoona ikipigwa saa nzima. Kisha akauliza swali ambalo wote walikuwa wakilizunguka: mzee anaweza kuiuza?

“Ng'ombe thelathini,” mzee akasema. “Wa gredi. Na wanaokamuliwa, si mitamba.”

Kukawa na kelele. Mmoja akasema hiyo ni mahari ya wasichana watatu. Mwingine akasema hapana, kwa msichana mwenye digrii ni mmoja na nusu. Yule wa DX alikuwa ameshatoa simu, anapiga hesabu ng'ombe wa gredi anakwenda bei gani Bomet siku hizi.